Cremona na Fidla Zake

Msomaji, ukipata kusikiliza taarabu ya Unguja au ya Mombasa, bila shaka umeisikia sauti moja nyembamba ipandayo juu ya udi na kanuni, ikivutwa kwa upinde hata ikakaribia kuwa sauti ya mwanadamu. Hiyo ni sauti ya fidla. Chombo hicho kimekaa pwani yetu muda mrefu, na watu wetu wamekizoea hata hawakioni tena kuwa ni mgeni. Lakini umbo lake, yaani kiuno kile chembamba, mabega yale ya mviringo, na matundu mawili ya usoni yaliyokatwa kwa mfano wa herufi f, lilikamilishwa mbali na hapa, katika mji wa kaskazini ya Italia uitwao Cremona, katika karne ya 16.

Insha hii ni ya mji huo na urithi wake wa muziki. Sikusudii kuusifu tu, maana wanaousifu ni wengi, na baadhi yao wana fidla za kuuza. Nakuomba tuipime sifa yenyewe, tuone ni ya haki kiasi gani, na ni nani anayestahili kuipokea.

Cremona uko karibu na mto Po, katika nchi tambarare ya Lombardia. Wakazi wake ni kiasi cha watu 70,000, na katikati ya mji, ubavuni mwa kanisa kuu, umesimama mnara wa kengele uitwao Torrazzo, wenye urefu wa zaidi ya mita 110. Claudio Monteverdi alizaliwa mjini humo mwaka 1567, akafundishwa na Ingegneri, aliyekuwa kiongozi wa muziki wa kanisa hilo. Ukiniuliza ni nani mwanamuziki mkubwa kuliko wote waliozaliwa Cremona, nitakujibu bila kusita kuwa ni Monteverdi. Yeye ndiye aliyetunga L'Orfeo, mchezo wa kuimbwa ulioonyeshwa Mantova mwaka 1607. Ni miongoni mwa opera za kwanza kabisa, na hata leo watu huusikiliza kwa furaha, wala si kwa kuheshimu ukale wake tu. Walakini Monteverdi aliuacha mji wake akingali kijana, akatumikia Mantova, kisha Venezia, na huko Venezia ndiko alikofia mwaka 1643. Mtunzi huichukua sanaa yake kichwani akaenda nayo atakako. Fundi wa fidla hana uhuru huo: ana kalibu zake, ana mbao zikaukazo darini miaka mingi, ana wanagenzi wanaomtegemea. Ndiyo sababu jina la Cremona limeshikamana na mafundi kuliko watunzi, na mgeni aingiapo mjini leo hukutana na jina la Stradivari kabla hajaambiwa habari za Monteverdi. Mimi naiona hiyo kuwa dhuluma ndogo, lakini nitaiacha ipite.

Fundi wa kwanza wa Cremona tunayemjua vizuri ni Andrea Amati, aliyefariki mwaka 1577. Fidla haikubuniwa na mtu mmoja siku moja. Vyombo vya upinde vilikuwako vya aina nyingi, na katika mji jirani wa Brescia walikuwako mafundi hodari. Alichofanya Amati ni kuipa fidla kipimo: aliichora kwa bikari na rula mpaka kila upinde wa mbavu ukawa na uhusiano na mwenziwe, kama beti za shairi zenye vina na mizani. Sifa yake ilifika mpaka nyumba ya mfalme wa Ufaransa, Charles IX, na baadhi ya vyombo alivyoifanyia nyumba hiyo, vilivyochorwa nembo ya kifalme mgongoni, vingalipo.

Tazama jinsi fidla ifanywavyo, kwa maana pasipo kuijua kazi hatuwezi kuihukumu sifa. Fidla ina vipande vya mti zaidi ya 70. Fundi wa Cremona huanza na kalibu ya ndani, ubao mnene uliokatwa kwa umbo la chombo. Mbavu nyembamba hukunjwa kwa joto zikaizunguka kalibu, zikaungwa kwa gundi, kisha kalibu huondolewa. Uso hufanywa kwa msonobari mwepesi wa milimani, na mgongo kwa mti mgumu wenye mistari kama mawimbi uitwao mepo. Kila ubao huchongwa kwa patasi, tena kwa randa ndogo ndogo, nyingine hazizidi kidole gumba, mpaka unene wake uwe milimita chache tu. Hapo fundi huugonga kwa kidole, akausikiliza, akaupunguza tena. Ukibaki mnene, sauti haitoki. Ukizidi kuwa mwembamba, chombo hupiga kelele kwa muda kisha hulegea chini ya mzigo wa nyuzi. Ndani, kati ya uso na mgongo, husimamishwa kijiti cha mviringo kisichotiwa gundi hata kidogo. Hushikwa na mkazo peke yake. Kikisogezwa kwa upana wa ukucha, sauti yote hugeuka. Waitalia hukiita kijiti hicho roho. Basi, maarifa ya namna hii hayaandikiki yakatosha. Kitabu kitakuambia unene wa ubao, lakini hakitakuambia mgongo wa kidole chako uhisi nini unapougonga. Hilo mwanagenzi hulipata kwa kukaa kando ya bwana wake miaka mingi, akikosea na kukemewa.

Na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Kwa muda wa karibu miaka 90 maarifa hayo ya Cremona yalikaa ndani ya ukoo mmoja, baba akimfundisha mwana. Mwaka 1630 tauni ikaingia Lombardia. Girolamo Amati, mwana wa Andrea, alikufa. Maggini, fundi mkubwa wa Brescia, alikufa karibu na wakati huo huo. Akabaki Nicolò, mwana wa Girolamo, kijana wa miaka 33, hana mke wala mtoto. Fikiri, msomaji, jambo hilo lilivyokuwa jembamba. Yote niliyokueleza juu, kugonga na kusikiliza na kupunguza, yalikuwa yamebaki katika mikono miwili ya mtu mmoja, katika mji uliokuwa ukizika watu wake kila siku. Fidla zilizokwisha tengenezwa zingalibaki, lakini fidla haisemi ilifanywaje.

Iko habari ndogo inayotuonyesha thamani ya mtu huyo. Miaka michache baada ya tauni, mtaalamu Galileo, akiwa mzee na macho yake yanazimika, alitaka kumnunulia fidla mtoto wa ndugu yake. Alimwandikia rafiki yake huko Venezia, na rafiki huyo akaenda kutaka shauri kwa Monteverdi, aliyekuwa mkuu wa muziki katika kanisa la San Marco. Jibu lilikuwa kwamba fidla za Cremona ni bora kupita za Brescia, ijapokuwa ni ghali zaidi. Wakati huo, kusema fidla mpya ya Cremona kulikuwa ni karibu sawa na kumtaja Nicolò Amati.

Nicolò alifanya jambo ambalo baba zake hawakulifanya. Aliwafungulia mlango watu wasio wa ukoo wake. Katika mwaka 1641 tunamkuta kijana Andrea Guarneri akiishi katika nyumba yake kama mwanagenzi, na wengine walimfuata. Mtu mwenye siri ya pekee sokoni, mwenye bei aitakayo, akakubali kuwafundisha watu ambao kesho wangeshindana naye. Yamkini alikuwa na kazi nyingi tu na hakuwa na wa kumsaidia. Sitaki kumfanya mtakatifu. Lakini nikilinganisha matendo yote katika historia ya mji huu, naliona hili kuwa kubwa kuliko fidla yoyote iliyotengenezwa humo, na wenye kulitaja ni wachache.

Sasa tumfikie mtu ambaye jina lake limefunika majina yote. Antonio Stradivari alizaliwa karibu na mwaka 1644. Fidla moja ya mwaka 1666 ina kikaratasi ndani kisemacho kuwa mfanyaji wake ni mwanafunzi wa Nicolò Amati. Wako wataalamu wanaoshuku habari hiyo, lakini kwamba kazi za ujana wake zina alama ya mkono wa Amati hilo halina ubishi mkubwa. Aliendelea kufanya kazi mpaka mwaka wa kufa kwake, 1737, akiwa amepita miaka 90. Vyombo vyake vilivyobaki hukisiwa kuwa kiasi cha 650.

Wengi hudhani ubora wa Stradivari ni wa mtu aliyegundua njia moja akaishika. Mimi naona kinyume chake. Katika miaka ya 1690 aliirefusha fidla, akaipunguza upana, akajaribu sauti nzito. Baadaye akaiacha njia hiyo akarudia kipimo kifupi, na katika miaka ya 1700 mpaka 1720 hivi akatengeneza zile zinazohesabiwa kuwa bora kabisa. Ile iitwayo Cremonese, ya mwaka 1715, ilinunuliwa ikarudi mjini mwake mwaka 1961. Mti wake umechaguliwa na kukatwa kwa usafi ambao hata asiyejua muziki huuona.

Mweke kando ya Giuseppe Guarneri, mjukuu wa yule mwanagenzi Andrea, aitwaye del Gesù kwa ajili ya alama ya jina la Yesu iliyo katika vikaratasi vyake. Huyu alikufa mwaka 1744 akiwa na miaka 46. Kazi zake za mwisho zina matundu yasiyolingana, na alama za patasi hazikusuguliwa zikaisha. Stradivari ni kama mwandishi mwenye hati nzuri. Guarneri ni kama mtu aandikaye kwa haraka kwa sababu ana neno la kusema. Paganini, mpigaji fidla aliyewashangaza watu wa zama zake, alichagua kuwa mwenzi wake fidla ya Guarneri ya mwaka 1743, akaiita Mzinga kwa nguvu ya sauti yake, na katika wasia wake akaiachia Genova, mji wake wa kuzaliwa. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya mafundi hawa wawili, ningefuata shauri la Paganini.

Baada yao sanaa ilififia. Mji wenyewe haukuonyesha kujali sana. Katika miaka ya 1770 mwana wa Stradivari, Paolo, alimwuzia mkusanyaji mmoja, Cozio di Salabue, kalibu, michoro na zana za baba yake, vikatoka Cremona. Kanisa la San Domenico, alimozikwa Stradivari, lilibomolewa mwaka 1869, na mifupa yake ikapotea pamoja na mingine. Hata nyumba aliyofanyia kazi zaidi ya nusu ya maisha yake ilivunjwa katika karne ya 20. Zana zilirudi mwaka 1930 kwa ukarimu wa fundi Giuseppe Fiorini, aliyezinunua kwa mali yake akaupa mji bila malipo. Mwaka 1937, ilipotimia miaka 200 tangu kufa kwa Stradivari, serikali ya Kifashisti ilifanya maonyesho makubwa, na mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya kufundisha utengenezaji wa fidla. Watawala wale walikuwa wakitafuta fahari ya taifa, tena fahari ya namna mbaya. Fahari hiyo imekwisha, na shule ingaliko.

Natumaini sasa unaiona shaka niliyo nayo juu ya neno urithi jinsi linavyotumika mara nyingi katika habari za Cremona. Watu husema juu ya siri ya Stradivari kana kwamba kuna sanduku lililofichwa mahali. Wengine wametaja baridi kali ya karne ya 17 iliyofanya miti ikue polepole. Wengine dawa ya kulowekea mbao. Wengine vanishi ya ajabu. Mwaka 2009 wachunguzi wa Ufaransa walieleza matokeo ya kupima vanishi ya vyombo vitano vya Stradivari. Walikuta mafuta na utomvu wa misonobari, vitu vya kawaida kwa wachoraji wa zama zile. Tena, fidla hizo zenyewe hazikubaki kama zilivyotoka mkononi mwake. Kumbi zilipozidi kuwa kubwa, karibu na mwaka 1800, zilianza kukatwa shingo zikatiwa shingo nyingine ndefu, zikawekewa ubao imara zaidi wa ndani, na baadaye nyuzi za utumbo wa kondoo zikabadilishwa kwa nyuzi zenye madini. Sauti tunayoiita ya Stradivari leo, Stradivari mwenyewe hakuisikia.

Halafu yako majaribio. Mwaka 2010, huko Indianapolis katika Marekani, mtaalamu Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapigaji 21 fidla sita: tatu mpya, mbili za Stradivari, moja ya Guarneri. Chumba kilitiwa giza, wapigaji walivaa miwani myeusi ya mafundi wa kuchomea vyuma, na fidla zikapakwa manukato kidogo ili harufu ya ukale isiwafunulie jambo. Wengi wao walichagua fidla mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Waliosikitika walisema, na kwa haki, kwamba chumba cha hoteli si ukumbi wa muziki, na kwamba mpigaji huhitaji miezi ili aijue fidla yake. Jaribio likarudiwa Ufaransa mwaka 2012 kwa wapigaji mashuhuri 10 na fidla 12, na safari hii walipewa ukumbi pia. Sita kati yao walichagua fidla mpya.

Usidhani ninasema kwamba fidla za kale si kitu. Zilizo bora zinasikika mpaka kiti cha mwisho cha ukumbi, na wapigaji wenye akili timamu huzipenda mpaka kufa. Ninasema kwamba kuziabudu kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na watu walio hai. Mwaka 2011 fidla moja ya Stradivari ya mwaka 1721 iliuzwa kwa dola milioni 15.9, wauzaji walizitoa fedha hizo kwa msaada wa watu waliopatwa na tetemeko na mafuriko ya bahari huko Japani, na hilo ni jambo jema. Lakini bei kama hiyo humwambia kijana aliyeinama juu ya meza ya kazi kwamba yeye, hata afanyeje, amechelewa kuzaliwa miaka 300. Majaribio yanasema kuwa maneno hayo si kweli. Ni vibaya kumkatisha mtu tamaa kwa ukweli. Kumkatisha tamaa kwa jambo lisilo kweli ni vibaya zaidi.

Na kuna namna ya kukihifadhi chombo ambayo ni karibu na kukizika. Huko Oxford, katika makumbusho ya Ashmolean, iko fidla ya Stradivari ya mwaka 1716 iitwayo Masihi. Rangi yake ni kana kwamba ilitiwa jana, kwa sababu haikupigwa ila kidogo sana, na sasa haipigwi kabisa. Ni nzuri ajabu, na imenyamaza. Cremona, nakiri, imefanya vizuri zaidi. Makumbusho yake ya fidla, yaliyofunguliwa mwaka 2013, yana ukumbi wa muziki ndani yake, na vyombo vya kale hutolewa katika makabati ya kioo vikapigwa mbele ya watu.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mji huo ulifanya jambo ambalo sijasikia mfano wake mahali pengine. Wahandisi walitaka kunasa kila sauti iwezayo kutoka katika vyombo vinne: fidla ya Stradivari ya mwaka 1727, selo yake ya mwaka 1700, fidla ya Guarneri ya mwaka 1734, na viola ya akina Amati ya mwaka 1615. Vinasa sauti 32 vilitegwa ukumbini. Lakini magari yapitayo juu ya mawe ya barabara yalisikika mle ndani, hata viatu vya wanawake vilisikika. Basi meya akazifunga njia zilizo karibu na makumbusho, akawaomba wananchi wapunguze kelele, na kwa muda wa wiki tano wapigaji walikaa wakitoa sauti moja moja, laini na kali, ndefu na fupi, kwa maelfu. Kusudi lilikuwa kwamba sauti hizo zitiwe katika kompyuta, ili siku vyombo hivi vitakapochoka mtu aweze kutunga muziki kwa sauti zao.

Nauheshimu utii wa mji mzima kunyamaza kwa ajili ya fidla. Hata hivyo sina hakika kwamba kilichonaswa ndicho kilichokuwa hatarini. Sauti zile zikikaa katika mashine miaka 1,000, hazitamfundisha mtu hata mmoja kukunja ubavu wa mepo juu ya moto bila kuuvunja. Mwaka 2012 UNESCO ilipouandikisha urithi wa Cremona katika orodha yake, haikuandika jina la fidla yoyote. Iliandika ufundi wa kuzitengeneza. Nadhani waliochagua maneno hayo walifikiri vizuri.

Ufundi huo leo uko katika karakana zaidi ya 100 zilizotawanyika katika mitaa ya mji, nyingine hazina ila chumba kimoja na dirisha. Fundi mmoja hutengeneza vyombo vitatu mpaka sita kwa mwaka, wala hawezi kushindana kwa bei na viwanda vinavyotoa fidla kwa maelfu. Wanafunzi wa shule ile ya mwaka 1938 wametoka katika nchi nyingi za dunia, na wengi wao, wakisha hitimu, hubaki Cremona wakafungua milango yao wenyewe. Hao si wana wa ukoo wa Amati, wala Andrea Guarneri hakuwa.

Fidla mpya ikisha pakwa vanishi hutundikwa penye mwanga ili ikauke, na hukaa hivyo siku nyingi, ikigeuka rangi polepole kutoka manjano hata wekundu. Lakini kabla ya hapo, kabla uso haujafungwa juu ya mbavu, fundi hubandika ndani kikaratasi kidogo, mahali panapoweza kusomwa kupitia tundu la f. Juu yake, kwa desturi ya mafundi wa kale, huandika jina lake, jina la mji wa Cremona, na mwaka.